"Pengine Hakuna Mungu": Tumjibuje Anayeuliza?

Somo la wiki
Maandiko: 1 Petro 3:15–16, Matendo 17:16–34, Yohana 20:24–29, Yuda 22
Mstari wa kukariri: 1 Petro 3:15



Mchungaji ameniomba niandike somo la Jumapili ya ibada ya pili, kwa sababu wengi wenu mlibaki na maswali na muda ukatuishia. Nitaanza pale nilipoanzia siku ile, yaani na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa nane, kijana mmoja wa kanisa letu alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa picha ya basi jekundu la London, lile la ghorofa. Ubavuni lilikuwa na maneno makubwa ambayo kwa lugha yetu ni kama hivi: "Pengine hakuna Mungu. Sasa acha kuhangaika, furahia maisha yako." Chini ya picha kijana akaandika, "Pasta, hii unaisemaje?"

Nilikuwa kwa foleni ya benki. Nikamjibu kwa nusu dakika: "Zaburi 14:1." Nikaongeza ile alama ya mikono ya maombi. Akajibu, "Sawa Pasta." Nikaweka simu mfukoni nikijua nimemaliza kazi ya Bwana.

Jumapili hiyo hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Kwa miezi minne kinanda kilipigwa na mtu mwingine, na mimi nikawa nasema "vijana wa siku hizi."

Nilichosahau pale benki ni kwamba wiki sita kabla ya ujumbe ule tulikuwa tumemzika mama yake. Kanisa lilikuwa limefunga na kuomba siku 21 kwa ajili ya mama huyo, na mimi ndiye niliyesimama madhabahuni nikatangaza kwamba atatoka hospitali mzima. Kijana alisema amina. Mama hakutoka.

Kijana mwenyewe amenipa ruhusa kuandika haya bila jina lake. Nitamrudia. Lakini kwanza wacha niwaeleze habari ya basi lile, kwa sababu inatufundisha mengi juu ya namna kanisa linavyojibu watu.

TANGAZO LILIANZA NA TANGAZO LETU

Nilipokuwa chuo nikisomea biashara, mwalimu wetu wa somo la mauzo alituletea tangazo hili darasani kama mfano wa kampeni iliyofanikiwa kwa pesa kidogo. Sisi tuliookoka tulikunja nyuso. Lakini swali alilouliza sijalisahau: "Tangazo hili linamjibu nani?"

Wengi hudhani watu wasioamini waliamka tu siku moja wakaamua kumtukana Mungu barabarani. Sivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Juni 2008, mwandishi wa vichekesho anayeitwa Ariane Sherine aliona tangazo la Kikristo kwenye mabasi ya London. Lilikuwa na mstari wa Luka 18:8, pale Bwana anapouliza kama Mwana wa Adamu atakapokuja ataikuta imani duniani, pamoja na anwani ya tovuti. Sherine akaifungua tovuti ile. Alichokikuta humo ni onyo kwamba wasioamini wanangojewa na mateso ya milele motoni.

Akaandika makala katika gazeti la The Guardian. Akapendekeza kwamba watu wasioamini wachange pauni tano tano, nao waweke tangazo lao la kumtuliza mtu asiwe na wasiwasi. Kwa hiyo yale maneno "acha kuhangaika" hayakutoka hewani. Yalikuwa jibu kwa tovuti yetu.

Kampeni ilifunguliwa rasmi tarehe 21 Oktoba 2008 kwa msaada wa chama cha British Humanist Association. Lengo lilikuwa pauni 5,500, zitoshe mabasi 30 London kwa wiki nne. Profesa Richard Dawkins, mwandishi anayejulikana sana kwa kupinga dini, aliahidi kuongeza kiasi kama hicho. Lengo lilifikiwa siku hiyo hiyo ya kwanza. Mwishowe michango ilipita pauni 150,000, yaani zaidi ya mara 27 ya walichoomba. Tarehe 6 Januari 2009 tangazo likatoka kwenye mabasi 800 kote Uingereza.

Mnaofanya biashara mnanielewa. Ukiomba elfu tano ukapewa laki moja na nusu, ujue kulikuwa na kiu sokoni ambayo hukuijua. Waliochanga walikuwa maelfu, wengi wao watu wa kawaida waliotoa kidogo kidogo. Hao ni watu waliokuwa na jambo moyoni kwa muda mrefu na hawakuwa na pa kulisemea.

Na neno "pengine"? Dawkins alitaka lililo kali zaidi. Sherine alieleza kwamba neno hilo lingesaidia tangazo lisivunje kanuni za matangazo, na pia lilimkumbusha lile tangazo maarufu la bia ya Carlsberg lililojisifu kwa kutumia "pengine." Hivyo hata tangazo la kumkana Mungu halikuthubutu kukata shauri kabisa. Hilo tutalirudia.

WAKRISTO WALIJIBU NAMNA NNE

Sasa angalia jinsi ndugu zetu walivyojibu. Ukisoma, jiulize wewe ungekuwa kundi gani.

Kundi la kwanza lilishtaki. Malalamiko mamia kadhaa yalipelekwa kwa mamlaka inayosimamia matangazo Uingereza. Baadhi walisema tangazo linadanganya kwa sababu hakuna ushahidi kwamba Mungu hayupo. Mwezi huo huo wa Januari mamlaka ikajibu kwamba hayo ni maoni ya mwenye tangazo, wala si jambo linaloweza kuthibitishwa, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa. Kesi ikaishia hapo. Tangazo likapata umaarufu zaidi, tena bure.

Kundi la pili lilikataa kimya kimya. Dereva mmoja Mkristo katika mji wa Southampton aliliona basi alilopangiwa, akasoma maneno yale, akasema yeye hawezi kuliendesha. Akaenda nyumbani. Waajiri wake walikubali kujitahidi kumpa mabasi mengine. Ndugu huyu namheshimu. Hakumtukana mtu wala kuvunja kioo; alilinda dhamiri yake na kukubali gharama yake. Kuna siku Mkristo hana budi kufanya hivyo.

Kundi la tatu lilirudisha bango kwa bango. Mwezi wa Februari 2009 mabasi ya London yalibeba matangazo ya upande wetu. Chama cha siasa kiitwacho Christian Party kiliandika kwamba Mungu hakika yupo, basi jiunge na chama chetu ufurahie maisha. Tangazo hilo lilipata malalamiko zaidi ya 1,000, mengi kuliko yale ya wasioamini! Shirika la Trinitarian Bible Society nalo likaweka ule mstari wa Zaburi 53:1, ndugu pacha wa Zaburi 14:1, unaomwita mpumbavu mtu anayejiambia moyoni kwamba Mungu hayupo.

Mnaona? Mstari niliomtumia kijana nikiwa kwa foleni ya benki, wenzangu walikuwa wameshauweka kwenye mabasi miaka mingi kabla yangu.

Turudi kwa swali la mwalimu wangu. Tangazo linaloandika "mpumbavu" linaongea na nani? Mteja wake ni nani? Asiyeamini akilisoma hawezi kusema, "Kumbe mimi ni mpumbavu, wacha niokoke." Anayelifurahia ni yule aliyeokoka tayari. Yaani tulilipa pesa tujipigie makofi wenyewe.

Kundi la nne ndilo lililonishangaza. Kanisa la Kimethodisti la Uingereza lilikaribisha kampeni ile, likisema ni jambo jema ikiwa itawafanya watu wafikirie maswali mazito ya maisha. Shirika la utafiti la Kikristo liitwalo Theos lilienda mbali zaidi: lilichangia kampeni ya wasioamini pauni 50! Hoja yao ilikuwa kwamba mtu akisoma "pengine hakuna Mungu" ataanza kuuliza, na anayeuliza anaweza kutafuta. Sisemi tutoe sadaka zetu huko, mweka hazina asinitafute. Lakini hawa hawakuwa na hofu. Waliamini Mungu wetu anaweza kuulizwa maswali.

Baadaye mwaka huo huo, wale wa kozi ya Alpha, iliyoanzia katika kanisa la Holy Trinity Brompton huko London, nao waliweka tangazo. Waliandika swali tu: Je, Mungu yupo? Chini yake visanduku vitatu vya kuweka alama: Ndiyo, Hapana, Pengine. Aliyetaka kuendelea alikaribishwa kwenye kozi, na kozi ya Alpha ni watu kula pamoja, kusikiliza mafundisho, na kuuliza chochote bila kufokewa.

Ujerumani pia kulitokea jambo. Kampuni za usafiri za miji mingi zilikataa tangazo la wasioamini, basi wao wakakodi basi lao na kuzunguka nchi mwaka 2009. Wakristo nao wakakodi la kwao, wakalifuata mji kwa mji, limeandikwa ubavuni swali lenye maana hii: "Na kama yupo?" Mahali yaliposimama, watu walikusanyika na kuongea.

JE, NI MAMBO YA WAZUNGU TU?

Najua kuna mzee anasema, "Pasta, hayo ni ya Ulaya. Hapa kwetu matatu zinaandikwa mistari ya Biblia." Ni kweli, mzee wangu. Lakini sikiliza.

Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa hapa Kenya mwaka 2016. Mwaka huo huo usajili wake ukasimamishwa baada ya watu wa dini kulalamika, na wengi wetu tulishangilia. Chama hicho hakikufa. Kipo hadi leo. Na katika sensa ya 2019, Wakenya 755,750 walihesabiwa kuwa hawana dini au hawaamini Mungu. Kati yao wamo watoto wa wakristo. Wanajua nyimbo zetu zote.

Uingereza na Wales nako, waliosema hawana dini walikuwa karibu asilimia 15 katika sensa ya 2001, asilimia 25 mwaka 2011, na asilimia 37 mwaka 2021. Sisemi basi ndilo lililowatoa. Walikuwa wakitoka kabla ya basi na wakaendelea baada yake. Mtu hatoki kanisani kwa sababu ya bango. Hutoka kwa sababu alikuwa na swali, na siku alipoliuliza, aliyekuwa karibu naye alimfunga mdomo.

Mimi nilimfunga mmoja mdomo.

ZABURI 14 INASEMA NINI HASA?

Baada ya miezi ile minne niliisoma tena Zaburi 14, lakini safari hii niliisoma yote. Naomba nawe uifungue leo nyumbani.

Yule mpumbavu wa mstari wa kwanza si mtu anayelia akiuliza Mungu yuko wapi. Endelea mpaka mstari wa 4 umwone vizuri: ni mtenda maovu anayewala watu wa Mungu kama anayekula mkate, wala hamwiti Bwana. Anaishi kana kwamba hakuna atakayemhesabia. Huyo anaweza kuwa na Biblia mkononi. Anaweza kuwa amekula pesa za dawa za zahanati na Jumapili akakaa kiti cha mbele, tukamwita mheshimiwa na kumpa kipaza sauti. Kwa mdomo anasema "Mungu ni mwema." Moyoni amesema lile neno lingine.

Tena Paulo anapoyachukua maneno ya zaburi hiyo katika Warumi 3, hawaelekezei wapagani peke yao. Anathibitisha kwamba wote, Wayahudi na Wayunani, wako chini ya dhambi. Mstari tulioufanya jiwe la kuwapiga wengine, Paulo ameuweka mbele ya uso wangu na wako.

Kwa hiyo nilikosea mara mbili. Nilimtukana aliyefiwa, na nilitumia Neno visivyo.

PAULO ALISOMA BANGO LA ATHENE

Sasa twende Matendo 17. Paulo anaingia Athene, mji uliojaa sanamu. Roho yake inachukizwa sana. Kuchukizwa si dhambi. Ukimpenda Mungu utaumia ukiona anadharauliwa. Lakini angalia alichofanya na uchungu ule.

Kwanza, alizungumza na watu. Mstari wa 17 unaonyesha alikuwa sinagogini, na pia sokoni kila siku pamoja na wale aliokutana nao. Kila siku, wapendwa. Hakupita na kipaza sauti mara moja akaenda zake.

Pili, alisoma maandishi yao. Katikati ya madhabahu zote aliona moja iliyoandikwa kwa ajili ya mungu asiyejulikana. Angeweza kuivunja. Yeye aliona mlango. Watu hawa wamekiri hadharani kwamba kuna kitu hawakijui, akaanzia hapo. Je, lile neno "pengine" si mlango kama ule? Mtu anayekuambia "pengine" bado hajafunga kitabu.

Tatu, alisema ukweli wote. Upole wa Paulo haukumfanya afiche kitu. Alifika kwenye toba, kwenye hukumu, na kwenye ufufuo, hata akijua watamcheka. Mimi naamini jehanamu ipo na nitaendelea kuihubiri. Lakini Bwana wetu alipoona maangamizi yanaukaribia Yerusalemu, alilia (Luka 19:41). Kama naweza kumtajia mtu moto huku macho yangu ni makavu na simu iko mkono mwingine, nimekosa kitu alichokuwa nacho Yesu.

Nne, alikubali matokeo. Wengine walimdhihaki. Wengine walisema watamsikiliza siku nyingine. Wachache wakaamini, Dionisio na mwanamke aitwaye Damari wakiwamo.

BABA AKIWEPO NDIPO WASIWASI UNAISHA

Sasa tulijibu lile tangazo lenyewe, kwa maana Petro anatutaka tuwe na jibu, na anataka tulitoe kwa upole na heshima.

Tangazo linasema: hakuna Mungu, kwa hiyo acha kuhangaika. Yesu naye katika Mathayo 6 anatukataza kuhangaika, lakini sababu yake ni kinyume kabisa: tusihangaike kwa kuwa tunaye Baba anayejua tunachohitaji. Wote wawili wanatuambia tutulie. Swali ni nani ana sababu.

Mweke mama aliye na bili ya hospitali na watoto watatu wasio na karo. Ukimwambia hakuna anayekuona, hakuna atakayefuta machozi, sasa furahia maisha, umempa nini? Maneno yale yanamfaa mtu mwenye afya na mshahara. Lakini ukimwambia, "Baba yako anakujua," halafu kanisa lisifike kwake hata na paketi moja ya unga, tumempa bango pia. Letu lina mstari wa Biblia tu.

Na tukubali jambo moja kwa uaminifu. Kuna watu waliohangaishwa na sisi. Tuliwaambia mama hakupona kwa sababu imani yao ilikuwa ndogo. Tuliwatisha, tuliwaaibisha, tulitangaza mambo ambayo Mungu hakuyasema. Mtu kama huyo akisoma "acha kuhangaika," anasikia habari njema. Kumwondolea mtu huyo mzigo tuliomtwika ni sehemu ya injili, na inaanza na maneno mawili: "Nilikosea. Nisamehe."

NILIPOENDA KWA KIJANA

Nilienda mwezi wa Desemba, siku ya Alhamisi. Anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Nilikuwa nimejiandaa na hoja kumi: habari ya uumbaji, habari ya ufufuo, mashahidi, kila kitu. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Aliendelea kufungua simu ya mteja bila kuniangalia.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilitangaza mama atapona. Mungu hakuwa ameniambia. Nilitamani sana, nikasema kana kwamba ni yeye amesema. Nisamehe. Na ulipouliza swali nikakutukana kwa mstari."

Alinyamaza mpaka simu ikawaka. Kisha akasema, "Pasta, mimi sikuwa nimeacha kuamini. Nilikuwa nataka kujua kama unaweza kuongea na mimi."

Zile hoja kumi sikutoa hata moja siku hiyo. Tuliagiza chapati na maharagwe, akaniambia habari za mama yake. Tangu wakati huo huwa naenda Alhamisi nikiweza. Hoja nyingine tumeanza kuziongelea, moja moja, na yeye ana maswali magumu ambayo inabidi niende nikasome. Kanisani amekuja mara mbili, akakaa nyuma karibu na mlango. Kinanda hajagusa. Sijui kama atarudi, wala sitatangaza madhabahuni kwamba atarudi. Naomba.

Nilipomwonyesha nilichoandika hapa, alisema niongeze jambo moja: "Waambie wasinitumie mistari kwa simu. Waje."

Katika Yohana 20, Tomaso alisema hataamini mpaka aone na kugusa. Siku nane baadaye Yesu alipokuja, Tomaso alikuwa wapi? Ndani ya nyumba, pamoja na wanafunzi wengine. Siku nane nzima walikaa na mtu aliyekataa ushuhuda wao, na hawakumtoa nje. Wangemtoa, angekuwa wapi Yesu alipokuja?

TUFANYE NINI WIKI HII

1. Sikiliza kabla ya kujibu. Mtu akikuletea swali au picha, muulize kwanza, "Ni nini kimekufanya uulize?" Mara nyingi nyuma ya swali kuna kaburi, kazi iliyopotea, au kiongozi wa kanisa aliyemuumiza.

2. Usitume mstari mahali unapoweza kwenda mwenyewe. Kama yuko mbali, piga simu usikie sauti yake.

3. Jifunze sababu za imani yako. Petro hakusema tuwe wapole tu; alisema tuwe tayari na jibu. Darasa la Jumanne jioni litaanza mfululizo wa masomo sita kuhusu maswali magumu. Swali lolote litaruhusiwa, na hakuna atakayeitwa mpumbavu.

4. Wazazi, ongeeni na watoto nyumbani (Kumbukumbu la Torati 6:7). Mwishoni mwa 2009 chama kile cha Uingereza kiliweka mabango yenye picha za watoto wenye furaha, yakiomba watoto wasipachikwe jina la dini ya wazazi. Baadaye gazeti la The Times likaripoti kwamba watoto wawili waliokuwa katika picha ile walikuwa wa familia ya Kikristo iliyookoka! Picha ilinunuliwa tu, hakuna aliyejua. Walipotafuta nyuso za watoto wenye furaha, walizipata kwa walokole. Je, wangekuja kutafuta kwako?

5. Mtafute mmoja. Kila mshirika anamjua mtu aliyeacha kuja. Andika jina lake nyuma ya karatasi hii, na kabla ya Jumapili ijayo, mtembelee. Usimuulize kwa nini haji. Muulize anaendeleaje.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma Zaburi 14 yote. Kwa maisha yetu ya wiki, si kwa midomo yetu, ni wapi tunaishi kana kwamba Mungu haoni?
2. Kati ya zile namna nne za kujibu, ni ipi imezoeleka kanisani kwetu? Kwa nini?
3. Je, kuna swali kuhusu Mungu uliloogopa kuliuliza mbele ya wengine? Kiongozi, mpe kila mtu nafasi, na usijibu kabla hajamaliza.
4. Yuda 22 inatutaka tuwahurumie wenye shaka. Huruma hiyo ingeonekanaje kwa matendo mtaani kwetu?

TUOMBE

Baba, tusamehe pale tuliposema kwa jina lako mambo ambayo hukuyasema. Wakumbuke wote waliotoka kwetu wakiwa na swali ambalo hakuna aliyelisikiliza. Wakati mwingine hata sisi tulio ndani tunasema "pengine", tuongezee imani. Utupe miguu ya kuwafuata, masikio ya kuwasikia, na jibu lenye upole kwa wakati wake. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Tukutane Jumanne. Mkiniona Alhamisi kwenye kibanda cha simu karibu na stendi, msinisimamishe kwa muda mrefu. Chapati zinapoa.